Siku Tisa Kabla ya Kufungua Lango

Mwezi uliopita mlinifanyia sherehe ya kustaafu pale ofisini, na nawashukuru. Keki ilikuwa na jina langu, likipungua herufi mbili tu. Hotuba zilikuwa tano, nne kati yake za watu ambao hawajawahi kukanyaga kinyesi cha ng'ombe hata kwa bahati mbaya. Mlitaja kila cheo nilichopitia, kimoja baada ya kingine, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kusinzia. Halafu Sandrine, aliyerithi meza yangu pamoja na kiti kinachoegemea kushoto, akanivuta pembeni.

"Mama Domitila, tuandikie kurasa chache. Uzoefu wako. Tuwape wanaoanza kazi."

Basi nimekaa barazani kwangu hapa Kagugu, jirani akiongeza ghorofa ambayo hakuna aliyeiomba, na ninaandika. Vyeo sitaviandika. Viko kwenye faili langu masjala, kama panya hawajavimaliza.

Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, nikasomea malisho na nyanda kavu Morogoro. Niliporudi nchi ya wazazi wangu baada ya vita, Kinyarwanda changu kiliwachekesha watu wa Kigali na Kiswahili changu kilinisaidia gereji tu, kwa mafundi wa magari. Kwenye usaili wa kazi waliniuliza kama najua kuendesha pikipiki. Nikasema najua. Sikuwa najua. Waliajiri watatu siku ile, na baadaye niligundua sote tulikuwa tumedanganya jambo hilohilo. Ndivyo taasisi yetu ya utafiti ilivyoanza safari yake ya kutafuta ukweli.

Kituo chetu kilikuwa mashariki, kule ambako vilima vinalala chini na mvua hupita juu kwa juu kama mgeni asiyetaka kusalimia. Jumatatu alfajiri gari lilitupakia Kigali, tukapita Kanombe kabla jua halijatoka, tukaendelea mpaka lami ilipochoka. Siku ya kwanza nilishuka nimevaa viatu vyeupe vyenye kisigino. Aliyenipokea alikuwa Hamadi, fundi wa shambani. Alikuwa mtu wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali wenye misikiti, mtoto wa fundi cherehani, mwembamba, kofia ya kiua kichwani, na buti zilizokwisha kushonwa upya mara nyingi. Hakuwa na shahada yoyote. Alikuwa amewafundisha kazi wakurugenzi watatu, na wote watatu walidhani wao ndio waliomfundisha yeye.

Alitazama miguu yangu kwa huruma.

"Karibu, Madamu. Hii viatu iko ya harusi?"

Kisha akanipa fremu ya chuma ya mraba, urefu wa mkono kila upande. Kazi yenyewe ni rahisi: unaitupa, inapotua unakata nyasi zote zilizo ndani yake kwa mundu, unazitia kwenye mfuko wa karatasi, unazikausha kwenye tanuri, unapima uzito. Ukifanya hivyo mara nyingi, unajua shamba zima lina chakula cha ng'ombe kiasi gani. Nikatupa. Ikatua mahali pazuri penye majani mengi.

"Umechagua," alisema Hamadi.

"Sijachagua. Nimetupa."

"Umetupa kule iko majani. Macho yako iko na njaa kama ng'ombe. Geuka, tupa nyuma."

Nikageuka, nikairusha juu ya bega. Ikatua kwenye udongo mtupu, wenye sisimizi wawili.

"Sasa andika."

"Niandike nini? Hapa hakuna kitu."

"Andika hakuna kitu. Hiyo pia iko jibu."

Tangu siku ile nimekaa kwenye mikutano mingi ya kimataifa, katika kumbi zenye baridi kuliko friji, nikisikiliza maprofesa wakieleza namna ya kuchukua sampuli bila upendeleo. Hakuna aliyeongeza chochote juu ya maneno yale, isipokuwa picha za rangi.

Hamadi ndiye pia aliyenifundisha kutoamini daftari mpaka umjue anayeliandika. Tulikuwa na kipima mvua, kikombe kwenye nguzo, ambacho mlinzi wetu alikisoma kila asubuhi. Nilipopitia daftari lake la miaka kadhaa, nikaona kwamba katika eneo lile mvua haijawahi kunyesha Jumapili. Hata moja. Mvua ya Kikristo kabisa. Mlinzi alikuwa mwanakwaya. Hamadi, ambaye Ijumaa hukosi kumwona msikitini kwao Nyamirambo, akaanza kurudi kituoni Jumamosi jioni ili asome kipimo Jumapili. Ghafla mvua ikaanza kunyesha siku zote saba. Mkurugenzi wetu wa wakati huo aliiandika katika ripoti kama dalili ya mabadiliko ya tabianchi.

Jirani wa kituo alikuwa mfugaji aitwaye Kabera, rika langu, naye amekulia Karagwe. Ng'ombe wake walikuwa wa pembe ndefu, na kila mmoja alikuwa na jina, ukoo na tabia. Kwa kuwa sote wawili tulikulia upande ule, tuliongea Kiswahili. Aliniita "Daktari wa Majani", na sikuwahi kumsikia akilitamka bila kutabasamu.

Tulimwomba agawe malisho yake mafungu manne kwa seng'enge, ng'ombe wale fungu moja wiki hii, lingine wiki ijayo, ili yaliyoliwa yapate kupumzika na kuchipua.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu watafungwa jela kwa zamu," alisema.

"Wewe jaribu misimu miwili tu."

"Wakikonda nakuletea wewe uwanyonyeshe, Daktari."

Hawakukonda. Nyasi zake zilirudi taratibu, kwa mabaka, pengine vizuri, pengine vibaya, jinsi nyasi zinavyorudi pasipo na mpiga picha. Kabera hakusema tumefanya vizuri. Alisema tu kwamba hataondoa ile waya kwa sasa, na mimi nikaelewa kwamba nimepewa nishani.

Upande wetu wa uzio tulikuwa na kitalu kikubwa cha kulinganishia. Hicho hakikuguswa na ng'ombe kwa miaka mingi, ili tujue ardhi ile inatoa nini ikiachwa peke yake. Kilikuwa na lango moja la chuma na kufuli moja. Funguo nilitembea nayo mimi. Nilikipenda kitalu kile kuliko inavyofaa mtu mzima kupenda nyasi. Kila namba niliyoitetea Kigali ilisimama juu yake.

Kisha zikaja nyasi za mradi. Mkurugenzi mpya, mtu nadhifu aliyesoma mbali na kurudi na suti za rangi ya majivu, alileta mbegu kutoka nje ya nchi. Ziliitwa nyasi zinazovumilia ukame, na jina hilo lilichapishwa kwenye fulana kabla hata ya mbegu moja kuota. Tulizipanda kando ya barabara, mahali ambapo wageni wafadhili wangeziona bila kushuka garini. Mwezi wa pili zikanyauka. Kutoka Kigali ikaja amri: lori la maji litakuja asubuhi na jioni mpaka wageni wapite.

Mimi na Hamadi tukashika mpira wa maji. Kabera akaja akaegemea uzio, fimbo mabegani.

"Daktari, hayo ndiyo yanayovumilia ukame?"

"Ndiyo hayo."

"Mnayanywesha mara ngapi kwa siku?"

"Mbili."

Akafikiri. "Kwa mtindo huo hata mimi navumilia ukame."

Wageni walikuja, wakapiga picha nyasi zikiwa zimelowa vizuri, wakaondoka. Waliahidi kurudi mwaka unaofuata kuangalia maendeleo.

Mwaka uliofuata mvua za vuli zikaja siku chache zikakata. Zile za masika hazikuja kabisa. Mkija kufanya kazi kule mtaona ukame hauanzi kwa kishindo. Kwanza bwawa linarudi nyuma na kuacha matope yenye nyufa. Kisha ng'ombe wanaanza kula vitu ambavyo hukujua ni chakula: magunia, makaratasi, kona ya paa la nyasi. Kisha mbavu. Wafugaji wengi waliuza walichoweza kuuza. Wengine walihama na mifugo hadi walipozuiwa. Kabera alikuwa na ng'ombe wenye mimba na wanaonyonyesha ambao wasingefika popote kwa miguu.

Asubuhi moja alikuja ofisini kwangu kituoni. Hakuegemea kitu chochote. Alivua kofia.

"Domitila," alisema. Hakuwa amewahi kuniita kwa jina. "Nyuma ya lango lako kuna majani. Yamekauka lakini ni majani. Niruhusu wale wenye mimba tu."

Nilimweleza kuhusu kitalu cha kulinganishia. Nilimweleza vizuri sana, kama ninavyowaeleza wanafunzi. Miaka ya vipimo, msingi wa utafiti, manufaa ya wafugaji wote wa siku zijazo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wafugaji wa siku zijazo," alisema, "ng'ombe wao wako wapi sasa hivi?"

Nikamwambia nitaomba kibali Kigali. Hapo ndipo mnapopaswa kusoma polepole, vijana wangu, maana hapa sina cha kuwachekesha nacho sana.

Niliandika barua, nikaipeleka kwa gari la kituo. Nikapiga simu. Mkurugenzi hakuwepo, alikuwa hotelini kando ya ziwa, kwenye warsha ya siku tano kuhusu kuhimili ukame. Katibu wake alisema ameipokea barua na ameiweka juu ya mafaili mengine. Siku ya tatu nikauliza, akasema bado iko juu. Siku ya nne ng'ombe wa Kabera aitwaye Gaju alilala na hakuinuka. Alikuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, mama wa nusu ya zizi, na alikuwa amezaa wiki mbili kabla. Siku ya sita warsha iliisha, lakini mkurugenzi alikuwa na majumuisho. Siku ya saba niliambiwa suala langu ni la kitaalamu, litapelekwa kwenye kamati. Kamati ilikutana kila robo mwaka.

Katika siku hizo zote nilikuwa nikienda kwa Kabera asubuhi na daftari. Niliandika aliyeanguka na tarehe. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuonekana ninafanya kitu. Mkewe aliniletea kiti kila siku.

Siku ya tisa Hamadi alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya stoo.

"Madamu, barua imejibiwa?"

"Bado."

"Funguo iko wapi?"

Nikagusa mfuko wa koti. Ilikuwepo. Ilikuwepo siku zote tisa.

"Mimi siwezi kukuambia ufungue," alisema. "Mimi iko fundi. Lakini tukiwahi kupima saa hii, mchana tunaweza kuwa tumemaliza."

Tulipima. Tulitupa fremu nyuma ya mabega yetu, tukakata, tukajaza mifuko, tukaandika kitalu kilikuwa na nini kabla. Kisha tukakigawa vipande kwa kamba na vigingi, ili ng'ombe wale kipande kimoja kwa siku na wasikanyage vyote. Mchana nikafungua kufuli. Ilikuwa imeshika kutu, ikabidi Hamadi aigonge kwa jiwe. Wenye mimba waliingia kwanza, kisha wanaonyonyesha. Hawakukimbia, hawakuwa na nguvu za kukimbia. Waliinamisha vichwa, na kwa muda mrefu hakukuwa na sauti nyingine isipokuwa ya nyasi kavu zikitafunwa. Baada ya Kabera, majirani wengine wawili walileta wa kwao. Nilimwandikia mkurugenzi barua ya pili, ya mistari miwili, kwamba nimefungua mimi na Hamadi ametii amri yangu.

Hiyo ilijibiwa haraka. Alifika mwenyewe kesho yake, gari likiwa na vumbi mpaka kwenye vioo, akasimama langoni akitazama.

"Unajua umefanya nini? Miaka yote ile!"

"Najua. Mimi ndiye niliyeipima."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Niliomba kwako."

"Na nilikujibu?"

"Hukunijibu."

"Basi hukuwa na ruhusa."

Ndani ya wiki mbili nilihamishiwa makao makuu Kigali, idara ya machapisho, nikasahihishe Kiswahili na Kiingereza cha ripoti za wengine. Chumba kilikuwa karibu na jiko, kwa hiyo ripoti zangu zote za kipindi hicho zinanukia chai ya maziwa. Hamadi alibaki kituoni. Kila Ijumaa baada ya swala alipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka ofisini kwangu, akaniletea namba za wiki zimekunjwa kwenye karatasi, kama mtu anayempelekea mgonjwa matunda.

Mvua ilirudi. Mnataka niwaambie kwamba kitalu kilichipua chote, kijani, na mkurugenzi akalia. Nusu ya kitalu ilichipua vizuri, hasa pale tulipowahamisha ng'ombe mapema. Upande wa bwawa, walikokaa siku nyingi mno, udongo ulikuwa umekandamizwa na haukurudi kwa misimu mitatu. Ng'ombe wengi walioingia walipona. Hicho ndicho kilichotokea, na sina kingine cha kuongeza.

Kisha wageni wakarudi kuangalia maendeleo. Nyasi zinazovumilia ukame zilikuwa zimekufa zote, maana lori la maji lilikuwa limeharibika. Walipouliza kinyesi cha ng'ombe ndani ya kitalu kimetoka wapi, mkurugenzi, ambaye lazima nimsifu kwa wepesi, akawaambia ni mbinu mpya ya taasisi: akiba ya malisho ya dharura. Wageni walifurahi kupita kiasi. Waliomba ripoti.

Na ripoti ikaja kusahihishwa wapi? Kwangu, kando ya jiko.

Niliisoma nikiwa nimeshika kikombe. Ilisema kwamba taasisi, kwa kuona mbali, ilitenga eneo la akiba na kulifungua "kwa wakati muafaka". Nilisahihisha nukta na mikato, kazi niliyotumwa. Kisha kwenye "wakati muafaka" nikapiga mstari, nikaandika: lango lilifunguliwa siku tisa baada ya mfugaji kuomba, na katika siku hizo ng'ombe wake sita walikufa.

Mkurugenzi aliniita ofisini kwake.

"Domitila, hii sentensi imetoka wapi?"

"Kwenye daftari la shambani."

"Iondoe."

"Wageni wameomba na madaftari, Mkurugenzi. Wataikuta humo, na tarehe zake."

Alizungusha kiti akatazama nje, mtaa wa Kibagabaga wote ukimeremeta kwa mabati mapya.

"Na wewe siku hizo tisa ulikuwa wapi?" aliuliza. Hakuwa anagomba.

"Hapo hapo. Funguo nilikuwa nayo mfukoni."

"Basi andika na hilo."

Nikaandika na hilo. Sentensi ilibaki, ingawa ilisukumwa mpaka kiambatisho cha tatu, kwa herufi ndogo ambazo hata mimi mwandishi wake nazihitajia miwani. Mbinu ya akiba ya malisho sasa inafundishwa na kituo, na mashamba kadhaa ya kule yana malango yake, kila mfugaji na funguo yake mwenyewe. Hilo la funguo lilikuwa wazo la Kabera. Ripoti inasema ni la kamati.

Ripoti ilipochapishwa nilimpelekea Kabera nakala. Nilimsomea kiambatisho cha tatu nje ya nyumba yake, mkewe akiwa ameniletea kiti. Nilisoma mpaka mwisho, pamoja na sehemu yangu. Alikuwa akichora kitu ardhini kwa fimbo.

"Saba," alisema.

"Niliandika kila siku, Kabera. Walikuwa sita."

"Gaju alikuwa na ndama. Alipokufa mama, ndama alikaa siku mbili tu."

Nilimkumbuka yule ndama. Nilikuwepo. Sikumwandika kwa sababu fomu yetu ilihesabu mnyama aliyekwisha kuachishwa ziwa, na yeye hakuwa ameachishwa. Alikuwa amefiwa tu.

Ripoti hiyo iko kwenye maktaba yenu, rafu ya chini kabisa, jalada la kijani. Nakala yangu nimeisahihisha kwa mkono, na ya Kabera pia. Zilizobaki zote bado zinasema sita. Walikuwa saba. Kalamu mnazo.